Kabla ya Simba Kulikuwa na Brashi

Katika nyumba moja mjini Kakamega, si mbali na barabara iendayo Mumias, nimeiona picha ya mzee imebandikwa ukutani kwa gundi, baina ya kalenda na picha ya harusi. Mzee huyo amejitanda ngozi ya mbega mabegani, kipaji chake kimezungushiwa kauri, na macho yake yanatazama kando, kama mtu aliyeambiwa atulie akatulia, ilhali moyo wake uko kwa ng'ombe wake. Picha ilikatwa kitabuni. Mwenye nyumba aliniambia kwamba marehemu baba yake ndiye aliyeikata, na kwamba siku zote alikuwa akisema mzee yule ni babu yao. Na kama si babu yao basi ni mtu wa rika lake, maana sura ni ile ile na kauri ni zile zile. Chini ya picha hapana jina. Nilipomwuliza aliyeichora ni nani, alifikiri kidogo, kisha akasema ni yule mama wa Kizungu wa simba.

Hivyo ndivyo ajulikanavyo Joy Adamson nchini kote, na ng'ambo pia. Ukilitaja jina lake, mtu atakutajia Elsa, simba jike aliyelelewa kwa maziwa ya chupa akarudishwa porini. Atakutajia kitabu, atakutajia na sinema iliyotoka mwaka 1966. Yote hayo ni kweli. Lakini Elsa aliingia katika maisha ya bibi huyu mwaka 1956, na wakati huo yeye alikwisha kuwa mtu wa miaka 46, na kazi ya kuchora alikuwa ameifanya kwa miaka karibu ishirini. Brashi ndiyo iliyomtangulia simba. Brashi ndiyo iliyompa jina mbele ya wataalamu, ikamtembeza Kenya toka pwani yetu hadi kando ya Ziwa Viktoria, na ikatuachia sisi nyuso za watu ambao leo hapana mwingine wa kutuonyesha. Basi leo, msomaji, tumwache simba alale, tuitazame kazi ya mkono.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, ambao siku hizo ulikuwa chini ya dola ya Austria na leo huitwa Opava, nchini Cheki. Jina alilopewa na wazazi wake ni Friederike Victoria Gessner. Walikuwa watu wenye mali, na walipoachana, binti akalelewa zaidi na nyanya yake mjini Vienna. Huko alijifunza mambo mengi, na hapana hata moja lililomtuliza: piano, kuchonga sanamu, kushona nguo, na kwa muda alijitayarisha kuingia katika masomo ya udaktari. Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, mtu wa Austria mwenye asili ya Kiyahudi. Siku hizo upepo wa Manazi ulikuwa umekwisha anza kuvuma, na mume akaona heri watafute nchi nyingine ya kuishi. Akamtanguliza mkewe Kenya mwaka 1937 ili aitazame nchi.

Kutazama nchi kukawa kutazama na mengine. Melini alikutana na Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea, na kabla mwaka wa pili haujesha ndoa ya kwanza ilikuwa imevunjika na ya pili imefungwa. Bally ndiye aliyemwita Joy, yaani Furaha. Jina hilo likamganda mpaka kaburini, ingawa waliomjua kwa karibu husema furaha yenyewe haikukaa naye sana. Alikuwa mwepesi wa hasira, mzito wa kusamehe, na kazini hakujua kupumzika wala kumpumzisha mwenziwe.

Bally alifanya kazi katika Makumbusho ya Coryndon mjini Nairobi, ambayo baada ya uhuru yamekuwa Makumbusho ya Taifa. Mwaka 1938 makumbusho hayo yalipeleka watu katika vilima vya Chyulu kukusanya wadudu, ndege na mimea, na Joy alifuatana na mumewe. Mume akikusanya maua, mke akayachora. Bally mwenyewe alikuwa hodari wa kuchora mimea, na alipoiona kazi ya mkewe alimtia shime aendelee. Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi iliyomtafuta mwenyewe, baada ya yeye kuzitafuta nyingine zote bila ya kuzipata.

Huenda msomaji akauliza, kuna haja gani ya kuchora ua wakati kamera ipo? Haja ipo, na ilikuwapo zaidi siku hizo. Mtaalamu wa mimea akichuma mmea huubana baina ya karatasi hata ukauke, akaushonea au kuugandisha kwenye karatasi ngumu, akaandika mahali ulipopatikana na siku yake. Mmea wa namna hiyo waweza kukaa miaka mia na zaidi kabatini. Lakini rangi yake hufa. Jekundu huwa la kahawia, la samawati huwa la kahawia, jeupe nalo huwa la kahawia. Kamera za siku hizo nazo zilikuwa hazijui kusema kweli juu ya rangi. Ndipo anapohitajika mchoraji.

Na mchoraji wa namna hii hana uhuru wa mshairi. Mimi nikiandika beti juu ya asumini naweza kusema weupe wake wauzidi mwezi, na hapana atakayenishitaki. Mchoraji wa kitabu cha mimea akiongeza jani moja ambalo halikuwapo, amesema uwongo. Hupima urefu kwa bikari, huhesabu viuzi vilivyo ndani ya ua, hutazama kama jani lina vinyweleo upande wa chini au halina, na kama majani hutoka mawili mawili au hupokezana. Na yote hayo huyafanya akishindana na jua, kwa sababu ua lililochumwa alfajiri likiwa wima, adhuhuri limekwisha kulegea shingo. Joy alichora kwa rangi za maji, rangi ambazo ukikosea hakuna kufuta. Waliomwona kazini hueleza kwamba aliweza kukaa saa nyingi bila ya kula, akichora kwenye hema au juu ya sanduku chini ya mti.

Kazi ya kwanza kubwa ilikuwa kutia picha katika kitabu cha kilimo cha bustani za Afrika Mashariki kilichosimamiwa na Dakta Jex-Blake, kilichochapishwa mwaka 1939. Baada ya hapo vikafuata vingine, hata jumla ya vitabu vya mimea vilivyobeba picha zake ikafika saba. Watu wa Kakamega wana sababu ya kukijua kimoja wapo: kile kikubwa cha miti na vichaka vya Kenya, cha Dale na Greenway, kilichotoka mwaka 1961, kwani msitu wa Kakamega umo humo. Huo ni msitu wa namna ya pekee katika Kenya. Ni kipande cha mwisho, upande wetu wa mashariki, cha ile misitu mikubwa ya Kongo, na ina miti ambayo huioni kwingine kokote nchini. Kwa miaka mingi, afisa wa misitu aliyetaka kujua mti aliousimamia ni upi, alikifungua kitabu hicho, na picha za rangi alizozikuta ndani yake ni za mkono wa bibi huyu.

Ndoa ya Bally nayo haikudumu. Mwaka 1944 Joy aliolewa na George Adamson, bwana nyama wa jimbo la kaskazini aliyekaa Isiolo. George alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kiko na ndevu, aliyependa nyika kuliko mji. Maisha yao yalikuwa ya hema, ngamia na lori, na kwa mchoraji yalikuwa neema, kwa sababu alifikishwa mahali ambapo mchoraji wa Nairobi hafiki. Lakini Joy hakuridhika kuwa mtu aliyejifundisha mwenyewe. Baada ya vita kwisha alikwenda London, akaingia katika chuo cha sanaa cha Slade, akajifunza kuchora mwili na uso wa binadamu. Akiwa huko, mwaka 1947, Chama cha Kifalme cha Bustani kilimpa medali ya dhahabu ya Grenfell kwa picha zake za maua. Hiyo ni heshima ambayo mchoraji wa maua haipati kwa kujuana na watu.

Sasa tunafikia kazi iliyomleta yule mzee kwenye ukuta wa Kakamega.

Mwaka 1949 Serikali ya kikoloni ilimpa Joy Adamson kazi ya kuchora sura na mavazi ya watu wa makabila ya Kenya. Mwanzo yalitajwa makabila 22, yale ambayo desturi zao zilionekana zinapotea upesi. Kazi iliyofikiriwa kuwa ya muda mfupi ilichukua kama miaka sita, na picha zikazidi 500. Alichora wazee wa baraza, mabibi harusi, waganga, wahunzi, vijana waliotoka jandoni, wapiganaji na wapiga ngoma. Waluhya wamo, Waluo wamo, Wameru, Waturkana na Wamasai wamo. Na sisi watu wa pwani tumo, Waswahili, Wabajuni na Wamijikenda.

Yafaa tuukumbuke mwaka huo ulikuwa wa namna gani upande wa Kakamega. Mwezi wa Aprili 1949 ndipo alipofariki Nabongo Mumia wa Wanga, mzee aliyewapokea wafanya biashara wa pwani tangu enzi ya misafara, na ambaye mji wake ndio ulioupa Uislamu mlango wa kuingilia sehemu hizo. Waamerika wa madhehebu ya Kweka walikuwa wamekaa Kaimosi tangu mwaka 1902, na watoto wa watoto wa wanafunzi wao wa kwanza walikuwa sasa wanasoma. Dhahabu iliyovumbuliwa mwaka 1931 ilikuwa imeleta Wazungu kwa mamia, ikachimba mashamba ya watu, na ilikuwa karibu kwisha. Vijana waliopigana Burma walikuwa wamerudi na makoti ya jeshi. Wengine walikuwa relini, wengine katika mashamba ya chai, wengine Nairobi. Mzee aliyekuwa na ngozi yake ya mbega na kofia yake ya kauri alikuwa ameiweka juu ya dari, akiishusha siku ya matanga makubwa au siku ya tohara tu. Siku nyingine zote alivaa suruali na koti kama mtu mwingine yeyote.

Hapo ndipo lilipo jambo linalonishughulisha mimi katika kazi ya bibi huyu. Yeye alitaka ngozi na kauri. Suruali na koti hakuwa na haja navyo. Alipofika mahali, mkuu wa wilaya humwita chifu, chifu huwatafuta watu wa makamo yanayotakiwa, na watu hao hushusha vitu vyao vya zamani darini, wakavivaa, wakaketi juani saa kadha wa kadha. Mahali pengine ilimbidi angoje mpaka apatikane mzee ambaye bado anacho kitu fulani, au ajuaye namna ya kukifunga. Basi picha zile ni kweli au ni mchezo wa kuigiza? Wako wasomi waliosema ni mchezo: kwamba zimewaonyesha watu wa mwaka 1950 kana kwamba ni watu wa mwaka 1850, zikawafutia shule zao, kazi zao, vita walivyopigana, na kuwaacha na manyoya.

Mimi sikubaliani nao kwa yote, ingawa sikatai kwamba wana hoja. Ukizitazama picha hizo kwa utulivu utaona kwamba mkono uliozoea kuhesabu viuzi vya ua haukuweza kuacha kuhesabu ushanga. Kila kauri ipo mahali pake. Kila pindo la ngozi limeshonwa vile lilivyoshonwa. Fundi wa leo anayetaka kulifufua vazi la babu yake aweza kuitazama picha akalifuma upya, na sijui picha nyingine za wakati ule zinazoweza kutumika hivyo. Na uso haukuvaa mchezo. Vazi huenda lilishushwa darini asubuhi ile, lakini uso ulikuwa wa siku zote. Kuna nyuso zilizochoka, kuna nyuso zenye kiburi, kuna nyuso za watu ambao ni dhahiri wamechukizwa na kukalishwa, naye amezichora hivyo hivyo bila ya kuzipamba.

Na kauri zile, nawaomba ruhusa nitoke njiani kidogo, ni zetu. Hapana kauri iokotwayo Kakamega. Zilitoka katika fungu zetu huku pwani, zikapanda mabegani mwa wapagazi hata Mumias, zikabadilishwa kwa pembe na vyakula, na zikawa pambo la wazee ambao wengi wao hawakuiona bahari maisha yao yote. Mtu wa pwani akisimama mbele ya picha ya mzee wa bara huiona bahari katika kipaji chake.

Lawama yangu mimi ni nyingine. Ni majina. Aghalabu chini ya picha utakuta kabila na cheo: mzee wa kabila fulani, msichana wa kabila fulani, mganga. Jina la mtu halipo. Maua aliyoyachora yana majina mawili ya Kilatini kila moja, na jina la mtaalamu aliyeyapa majina hayo mara nyingi hufuatishwa nyuma. Binadamu aliyekaa saa tano juani amebaki kuwa mzee wa Kiluhya. Sisemi kwamba kosa ni la mchoraji peke yake, kwani Serikali iliyomlipa ilitaka makabila, haikutaka watu. Na daftari ya Serikali ile ilijengwa hivyo. Lakini kalamu ya risasi alikuwa nayo mkononi, na kuandika jina pembeni mwa karatasi hakuchukui hata nukta moja.

Katika chuo nilichosomea Kurani mwalimu wetu hakutupa ruhusa ya kuchora chochote chenye roho. Tulichora majahazi, minazi, na nakshi za milango. Alitwambia kwamba siku ya kiyama mwenye kuchora ataambiwa aitie roho picha yake, naye hataweza. Nilipokuwa nikiitazama picha ile ya Kakamega nilimkumbuka mwalimu, na nikaona kuwa jina ndilo lililokuwa karibu zaidi na roho, nalo halikutiwa.

Kazi hiyo ilikuwa ikiendelea wakati nchi ilipoingia katika hali ya hatari, mwezi Oktoba 1952. Lazima jambo hili lisemwe, maana ni la ajabu. Mkono mmoja wa Serikali ulikuwa unalipia karatasi na rangi ili sura za wazee wa Kikuyu na Wameru zihifadhiwe zisipotee, na mkono wa pili ulikuwa unawatia watoto wao kambini. Sijaona kwamba mchoraji alilitilia maanani sana jambo hilo. Alikuwa mtu wa kazi yake, na siasa ya nchi iliyomlisha aliipita pembeni, kama walivyoipita Wazungu wengi wa wakati wake.

Picha zilipokamilika zilinunuliwa na Serikali, nyingi zikawekwa katika makumbusho ya Nairobi na nyingine zikatundikwa katika Ikulu. Baada ya uhuru hazikutupwa. Watawala wapya walizirithi pamoja na nyumba, wakazikuta ukutani, na bila shaka baadhi yao walimwona humo mtu anayefanana na mjomba wao. Mwaka 1967 nyingi zilitiwa katika kitabu kikubwa juu ya watu wa Kenya, na ndicho kitabu ambacho yule mzee wa Kakamega alikipata, sijui kwa njia gani, akatia mkasi.

Nisisahau samaki. Joy alipokuja huku kwetu kuchora watu, alivutwa pia na samaki wa miambani, akawachora wengi. Mvuvi wa Shimoni au wa Malindi ajua kwa nini kazi hiyo ni ngumu kuliko ya maua. Pono akitoka majini ana rangi za kanga mpya, samawati na kijani na waridi. Mweke juu ya jiwe umalize kuvuta sigara moja, umtazame tena, ni samaki mwingine. Mchoraji hana saa nne za ua. Ana dakika. Picha zake za samaki zina haraka fulani ambayo za maua hazina, na mimi, pengine kwa sababu ya kwetu, nazipenda kuliko zote.

Habari za simba zafahamika, nami nitazipita upesi. Tarehe 1 Februari 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, wakaonekana watoto watatu pangoni. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, na aliyekuwa mdogo kuliko wote ndiye Elsa. Kitabu kilitoka mwaka 1960, kikatafsiriwa katika lugha nyingi, na fedha zake nyingi Joy alizitoa kwa ajili ya kuhifadhi wanyama. Elsa mwenyewe alikufa Januari 1961. Tangu hapo dunia ikataka maneno ya Joy na picha za kamera. Brashi ikawekwa kando. Hata hivyo hakuiacha kabisa, kwani Elsa na wanawe aliwachora mara nyingi kwa kalamu ya risasi, na michoro hiyo ina uhai.

Mwaka 1969 gari alimokuwamo lilitoka barabarani likaporomoka, na mkono wake wa kulia ukapondeka vibaya. Madaktari waliupasua mara kwa mara, wakahamisha ngozi na kano, lakini haukurudi kuwa kama zamani. Piano, aliyoipenda tangu utotoni, aliiacha. Kuchora kukawa taabu. Mtu aliyekuwa akipima uzi wa ua kwa ncha ya brashi sasa aliona shida kushika kikombe. Wengi walioandika juu ya maisha yake huipita ajali hii kwa mistari miwili wakakimbilia kwa chui na duma aliowalea. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku mchoraji alipokufa, na Joy Adamson aliyeishi miaka kumi na moja baadaye alikuwa mwandishi na mlezi wa wanyama. Mwaka 1972 alikusanya picha zake za zamani, za watu, maua, wanyama na samaki, akazichapisha pamoja kitabuni, kama mtu anayehesabu akiba yake baada ya duka kufungwa.

Aliuawa jioni ya tarehe 3 Januari 1980 huko Shaba, alikokuwa akimlea chui, zikibaki siku 17 atimize miaka 70. Habari za kwanza zilizotangazwa zilisema ameuawa na simba. Uchunguzi ulipofanywa ilionekana jeraha ni la chuma, na kijana aliyewahi kuwa mtumishi wake alishitakiwa na kupatikana na hatia mwaka 1981. Majivu yake yalimwagwa katika Mbuga ya Meru, juu ya kaburi la Elsa na la duma wake Pippa. George naye aliuawa na majambazi huko Kora mwezi Agosti 1989. Nyumba yao iliyo kando ya Ziwa Naivasha, Elsamere, imekuwa mahali pa kutembelewa, na wageni hunywa chai bustanini na kutazama nyani weusi kwa weupe, wale wale mbega ambao ngozi zao zilivaliwa na wazee wa Kakamega.

Mwenyeji wangu nilimweleza hayo yote, kwa ufupi kuliko nilivyowaelezea ninyi, naye alisikiliza kwa adabu. Lililomshughulisha ni moja tu: kama huko Nairobi, katika makumbusho, upo uwezekano wa kuwa karatasi yenyewe, ile ya asili, ina jina nyuma yake. Nilimwambia kwamba picha nyingi zingalipo, na kwamba mtu aweza kwenda akaomba kutazama. Akauliza basi la asubuhi huondoka saa ngapi, akajibiwa na mkewe kutoka jikoni. Kisha akamtuma mtoto dukani kununua gundi, kwa maana ncha moja ya picha, upande wa juu, ilikuwa imeanza kubanduka.